Baba Aliuza Nyumba Tukiwa Ndani

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni kwangu, funguo mkononi, na mwanamume nisiyemjua anatoka chumbani kwangu ameshika futikamba.

Kwa wewe unayeanza nasi leo: mimi ni mjane, fundi makochi. Karakana yangu iko chini ya nyumba ya baba yangu. Juu tunaishi watatu tu, Baba, mimi na binti yangu wa mwisho, anayeuza simu dukani mjini. Baba alifanya biashara ya samani kuukuu maisha yake yote, na watu walimwita Bei Moja, maana akishataja bei hashuki. Tangu mama afariki amekuwa akisahau. Alianza na miwani, ikaja siku ya wiki, ikaja sufuria kwenye moto. Mimi nilikuwa najiambia ni uzee tu.

Turudi mlangoni.

"Samahani, mama," yule mwanamume akasema. "Mzee aliniruhusu nipime."

"Upime nini chumbani kwangu?"

"Madirisha. Mke wangu anataka kujua ukubwa wa mapazia."

Hakuwa na haraka. Alizungumza kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Moyoni nikampa jina hapo hapo: Mpole. Na tangu siku hiyo, mtu akinisemesha kwa sauti ya chini, mwili unanisisimka.

Nilimpita nikaenda sebuleni. Baba alikuwa ameketi, shati safi, nywele zimechanwa. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Baba, huyu nani?"

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

Akamtazama Mpole, akanitazama mimi, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la dukani. "Mgeni wetu."

Mpole alikuwa akikunja futikamba yake taratibu. "Mama, mimi si mgeni. Nimenunua nyumba hii. Nilidhani mmeshaambiana."

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka kwa sauti. Nilidhani ni mzaha, kwamba wameupanga wao wawili.

Hakuna aliyecheka nami.

"Hati ninayo," Mpole akasema. "Hela nilimlipa taslimu, mkononi, Jumanne ya wiki iliyopita. Na niseme ukweli, mama, mzee wako ni mgumu! Nilimwomba apunguze kidogo, akakataa katakata. Alitaja bei yake, hakushuka hata senti."

Baba akainua kidevu. Alikuwa akisifiwa, na sifa zilikuwa zikimwingia.

"Bei gani?" nikauliza.

Mpole akanitajia.

Nilishika mgongo wa kiti. Ilikuwa bei ya nyumba ya wakati nikiwa msichana wa shule, sare na soksi nyeupe. Ndiyo bei aliyoizoea Baba enzi hizo alipokuwa akizunguka mitaani kutafuta nyumba ya kununua. Leo hela hiyo haitoshi hata kuezeka upya paa la nyumba yenyewe.

"Na wewe ukampa hiyo hiyo?" Nilimsogelea. "Mtu mzima, na akili zako, ukaona ni haki?"

"Sikuitaja mimi. Aliitaja yeye." Hakukasirika hata kidogo. "Ulitaka nifanyeje, nimpandishie?"

"Huyu ni mzee! Anasahau!"

"Siku ile hakusahau kitu. Alinisimulia habari za mbao mpaka nikajifunza. Tena hakuwa peke yake. Shahidi wenu wa familia alikaa naye mwanzo hadi mwisho."

"Shahidi gani?"

"Hayo ni ya nyumbani kwenu." Akachukua kofia yake. "Mwisho wa mwezi nitaleta mafundi. Sina haraka, mama. Na kuhusu karakana usiwe na wasiwasi. Makochi yako ni mazuri. Nitakupangisha."

Akateremka ngazi. Alishika ukuta njia nzima, kama mtu anayepapasa kitu chake.

Nilimgeukia Baba.

"Baba, umeuza nyumba?"

"Nyumba ipi?"

"Hii tuliyomo!"

"Hii haiuzwi," akasema kwa mkazo. "Mama yako hataki."

Mama yangu amezikwa zamani. Nilikaa kwenye zulia.

"Na hela, Baba? Hela alizokupa huyu mtu ziko wapi?"

"Zipo mahali salama."

"Wapi?"

"Nikikwambia, hapatakuwa salama tena." Akacheka, akanywa chai yake.

Siku ile na iliyofuata niliipekua nyumba kama mwizi. Nilifungua godoro lake. Nilichana kochi la sebuleni, lile nililolishona kwa mikono yangu, nikatoa sponji yote nikaipasua. Nikapanda darini. Hakuna kitu. Baba alinifuata chumba hadi chumba akiniuliza nimepoteza nini, ili anisaidie kutafuta.

Nikampigia kaka yangu, mkubwa wetu, anayeishi mbali na familia yake. Nikamweleza yote nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja."

"Una maana gani?"

"Shahidi wa familia. Mimi niko huku. Mama hayupo. Amebaki nani?"

"Kaka!"

"Sisemi ni wewe. Nauliza tu."

Akakata simu. Nilibaki naitazama ile simu.

Nilimtafuta wakili. Alikuwa mtu wa makamo, ofisi yake juu ya duka la rangi, kila kitu kinanuka tapentaini. Alisema kuna njia, tena nyembamba. Kwanza daktari athibitishe kwamba akili ya Baba haikuwa na uwezo wa kupima jambo kubwa kama lile. Pili, apatikane huyo shahidi, aseme kilichotokea mle ndani.

"Bila shahidi," akasema, "yule bwana atakuja mahakamani na sauti yake hiyo nzuri, na mzee wako atakuja na tabasamu lake. Hakimu ataona wafanyabiashara wawili waliokubaliana."

Basi nikampeleka Baba hospitali.

Nilimwambia tunakwenda kupima presha. Alivaa koti lake la kijivu, akataka na viatu vipigwe rangi. Kwenye korido aliwasalimia wagonjwa wote, mmoja mmoja, kama anagombea cheo. Mtu yeyote angemwona angesema: huyu mzee ni mzima kuliko bintiye.

Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa naomba asiwe mzima. Fikirini mtu amefikishwa pale: umekaa kwenye benchi unaomba baba yako aonekane amechanganyikiwa, na huku unaogopa kwamba utajibiwa.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, amevaa raba. Hakuanza na vipimo. Alianza na porojo.

"Mzee, nasikia ulikuwa mfanyabiashara. Maisha yamepanda, sivyo? Mkate siku hizi bei gani?"

Baba akataja bei papo hapo.

"Na nauli ya kuja mjini?"

Akataja.

"Na jozi ya viatu kama hivyo ulivyovaa?"

Akataja, tena akamwonya asikubali kuzidishiwa, wauza viatu ni matapeli.

Hakusita hata mara moja. Alijibu kama redio. Na bei zote zilikuwa za mwaka ule ule mmoja, mimi nikiwa na soksi nyeupe.

Daktari akatoa noti mfukoni mwake. "Nikikupa hii, ununulie mikate miwili kwa bei hiyo uliyosema, utanirudishia ngapi?"

"Binti, wewe nipe tu," Baba akasema. "Nitakuletea mikate, nitakuletea chenji, na faida yangu nitakuwa nimeshakula huko huko njiani."

Daktari akacheka kwelikweli. Mimi pia nilicheka. Lakini yeye hakuachia.

"Ngapi, mzee?"



Mkono wa Baba ukapanda sikioni, ukitafuta ile penseli aliyokuwa akiichomeka pale zamani. Haikuwepo. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Kisha akanigeukia, na nikamwona machoni mtoto aliyepotea sokoni.

Nilifungua mdomo nimjibie. Daktari akainua kidole, nikanyamaza. Ilikuwa kama kumtazama mtu anazama huku umeshika kamba.

Alimwita muuguzi ampeleke Baba chumba cha pili, kweli kupimwa presha. Tulipobaki wawili alivuta kiti.

"Kinachomponyoka ni kupima," akasema. "Hiki kikubwa, hiki kidogo, hiki cha jana, hiki cha leo. Lakini kujiamini kwake hakujaguswa. Ulimi haujaguswa. Ndani ya nafsi yake bado ni yule mfanyabiashara hodari. Ndiyo hatari yenyewe, mama. Angejijua kwamba hajui, angeuliza. Yeye haulizi."

"Watu wanalijua hilo?"

"Wanaowatafuta wazee wanalijua vizuri kuliko sisi."

"Daktari, hali hii hurithiwa?"

"Wakati mwingine. Kwa nini?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Baba alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, mkono wa koti umekunjwa. Sijui alikuwa amesikia nini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwanangu," akasema polepole, "umenileta nipimwe akili?"

"Baba, ni kwa ajili ya nyumba. Ili tuirudishe."

"Nyumba uliyonipeleka kuiuza?"



"Unasemaje, Baba?"

"Si wewe uliyenishika mkono?" Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Si wewe uliyeniambia, kaa hapa, usiwe na wasiwasi, niko nawe? Leo unaniita kichaa mbele za watu?"

Daktari alinitazama. Halikuwa jicho la kulaumu. Lingekuwa la kulaumu ningeweza kujitetea. Lilikuwa jicho lile lile alilomtazama nalo Baba wakati wa ile noti.

"Amechanganyikiwa," nikasema.

"Ndiyo," akasema. Halafu, kwa upole, "Na wewe, mama, unalala vizuri siku hizi?"

Nilirudi nyumbani na Baba amenishika mkono. Alikuwa ameshasahau hasira. Mimi nilikuwa nahesabu siku kichwani kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Jumanne ile aliyosema Mpole kwamba alilipa, nilikuwa wapi? Nilikumbuka Jumatatu. Nilikumbuka Jumatano, nilipopokea sponji. Jumanne ilikuwa ukuta mtupu.

Mbele ya karakana yangu, ng'ambo ya barabara, huketi fundi viatu. Huona kila anayeingia na kutoka kwetu. Nikamwendea kama ninayetaka kushonewa kandambili.

"Fundi, Jumanne ile ya wiki mbili nyuma, ulimwona Baba akitoka?"

"Mzee? Nilimwona. Koti la kijivu, amependeza."

"Alikuwa na nani?"

Akainua kichwa, akanishangaa. "Si na wewe?"



"Ulikuwa umemshika mkono," akaendelea. "Umejitanda ile skafu yako ya kijani. Nilikusalimu hukuitika, hata nikasema moyoni, leo fundi makochi ana mawazo. Kwani vipi?"

"Hakuna," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Skafu ya kijani ninayo. Ninayo kweli.

Nilijifungia karakanani. Nikajipima mwenyewe kama daktari alivyompima Baba. Sponji bei gani? Kitambaa mita moja bei gani? Nikazitaja, kisha nikatoka mbio hadi duka la jirani kuuliza kama ni bei za leo au za kale. Muuza duka alinitazama vibaya. Zilikuwa za leo. Sikuridhika. Nikarudi, nikakumbuka kwamba asubuhi nilitia chumvi kwenye chai. Nilikumbuka kwamba juzi niliingia jikoni nikasimama, nisijue nimefuata nini. Mambo ambayo humtokea kila mtu, akacheka, akaendelea na shughuli zake. Mimi sikuweza kucheka.

Akaja mteja, mama mmoja aliyetaka viti vyake vya kulia chakula vivishwe upya.

"Utanifanyia bei gani?"

Nilifungua mdomo. Kila bei iliyonijia niliiogopa. Vipi kama siyo ya leo? Vipi kama nimeshaahidi nyingine jana?

"Rudi kesho," nikamwambia. Kazi nzuri, mteja mzuri, nikamfukuza kwa sababu niliogopa kutaja bei.

Jioni binti yangu alirudi kutoka kazini. Nilikuwa nimekaa sebuleni juu ya mifupa ya lile kochi nililolichana. Akapita, akamimina maji, akampelekea Babu yake na vidonge.

Kwa miaka yote Baba humtania mjukuu wake huyu kwa jina la "mchumba". Mchumba umekuja? Mchumba umeniletea nini? Tangu akiwa mtoto.

Siku hiyo alipokea glasi, akamtazama usoni, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mume wako amesharudi safari?"

Binti yangu hana mume. Aliyekuwa na mume wa safari ni mimi, enzi hizo nikiwa na umri wake.

Nikamtazama mwanangu kama namwona mara ya kwanza. Kipaji cha uso changu. Mabega yangu. Kila mtu husema akitembea ni mimi mtupu. Na shingoni, kwa kuwa hana desturi ya kuomba ruhusa, alikuwa amejifunga skafu yangu.

Nikamfuata jikoni, nikafunga mlango.

"Jumanne ile ulikuwa wapi?"

"Jumanne gani?"

"Usinizungushe."

"Kazini."

"Basi ngoja niwapigie kazini."

Akaweka sufuria chini. Akateleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa mikono.

"Mama," akasema, "sikujua kama atataja bei ile."

Mnaweza msiamini, lakini hisia yangu ya kwanza ilikuwa nafuu. Sikuwa nimerukwa na akili. Nafuu hiyo ilidumu pumzi moja tu. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi.

"Eleza," nikasema.

"Yule bwana alikuja dukani kununua simu. Mstaarabu, tukaongea. Akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia. Akawa anapita mara kwa mara. Akasema nyumba kama ile, mzee ataendelea kupanda ngazi mpaka lini? Akasema akiuza atapata nyumba ndogo ya chini, na hela za matibabu, na wewe upate karakana kwenye barabara kubwa. Na mimi angenipa changu cha udalali, nifungue duka langu."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Nikwambie useme nini? Ungesema subiri!" Alinyanyua uso, umelowa. "Nikitaka kusoma, subiri. Nikitaka mtaji, subiri. Baba yangu alisubiri naye mpaka akafa, hakufanya hata kimoja alichokuwa anakitaka. Mimi nitaishi lini, Mama?"

"Na wewe kila kitu ni leo! Leo hii hii! Umeona leo yako ilivyotufikisha?"

Lakini mimi sikuwa na haki ya kuendelea, maana neno lake lilikuwa limenichoma mahali.

"Bei ile," nikasema. "Ulikuwepo. Ulikaa unasikiliza?"

"Nilimkanyaga mguu chini ya meza, kule ofisini kwa yule bwana. Nikamwambia hapana, siyo bei hiyo. Akanikaripia mbele za watu. 'Mwanangu, usinifundishe biashara.' Yule bwana alikuwa ameshafungua begi la hela, yeye na wenzake wanacheka, wanampongeza. Niliona haya, Mama. Nilisema ngoja kidogo nitasema. Nikangoja, nikangoja, na wakawa wameshapeana mikono."

"Na udalali wako?"

"Hajanipa. Nilipomwambia nataka turudishe hela, hakupaza hata sauti. Alisema nikifungua mdomo, mimi ndiye nitakayefungwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta mzee. Nimemuuza babu yangu, ndivyo alivyosema." Akanitazama. "Ni kweli, Mama? Nitafungwa?"

Nilimkumbatia pale sakafuni.

"Begi liko wapi?"

"Babu alilikumbatia njia nzima, hakutaka nimsaidie. Nilimfikisha mlangoni, nikarudi kazini kabla hawajanikata mshahara."

Kwa hiyo shahidi amepatikana. Nikimpeleka kwa wakili, nyumba huenda ikarudi, na mwanangu huenda akaenda jela. Nikimficha, mwisho wa mwezi tutakuwa barabarani na Baba asiyejua hata kwa nini yuko barabarani. Nilikuwa na mzee asiyeweza kupima na mtoto asiyeweza kusubiri, na mimi katikati yao niliyebaki na kazi moja tu, kuogopa.

Asubuhi binti yangu ndiye aliyeamua. Nilimkuta amevaa nguo za kazini, ameketi kwenye ngazi.

"Twende kwa wakili," akasema. "Nitasema yote. Twende kabla sijaogopa tena."

Nikamwambia ngoja nimpe Babu yako chai kwanza.

Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Koti la kijivu halikuwa kwenye msumari.

"Baba?"

Choo kitupu. Sebule tupu. Nikashuka ngazi mbili mbili. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na katikati, kiti kikubwa cha mteja mmoja, kiti cha ngozi nilichokuwa sijakigusa, kilikuwa kimegeuzwa miguu juu. Kitambaa cheusi cha chini kilikuwa kimebanduliwa kwa ustadi, misumari yake imepangwa pembeni juu ya gazeti. Mkono wa mtu aliyefanya kazi ya samani maisha yake yote.

Nilikuwa nimechana makochi yetu yote. Viti vya wateja sikuwaza kuvigusa. Ndani ya kile kiti, katikati ya springi, palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa begi.

Nikatoka barabarani. Fundi viatu alikuwa akipanga vitu vyake.

"Mzee katoka muda," akasema kabla sijauliza. "Begi kwapani. Nilimuuliza mbona mapema, akasema anakwenda kununua nyumba. Eti mkewe amechoka kupanga." Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Alielekea wapi?"

"Alifika pale kwenye kona. Sikumtazama zaidi."

Binti yangu alishaanza kukimbia. Mimi nilitoa simu nikampigia Baba. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita.

Ikapokelewa.

"Haloo!" Ilikuwa sauti changa, changamfu, ya mwanamume. Haikuwa ya Mpole. Sikuwahi kuisikia.

"Nipe mzee mwenye simu hiyo."

"Mzee yupo, ameketi, tumempa soda. Wewe ndiye mke wake?"

"Mimi ni binti yake! Ninyi ni nani? Mko wapi?"

"Ofisini hapa. Mzee wako mcheshi sana! Anasema anatafuta nyumba, na hela anazo hapa hapa, na anataka leo."

"Msimuuzie kitu. Ndugu yangu, nakuomba kwa jina la Mungu, huyo mzee ni mgonjwa. Niambie mko mtaa gani, nakuja sasa hivi."

Kwa nyuma nilimsikia Baba. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Alikuwa akiuliza kama jikoni kuna dirisha, maana mke wake hapendi moshi.

"Haloo?" nikapiga kelele. "Mko mtaa gani?"

Yule kijana alipozungumza tena, uchangamfu ulikuwa umemtoka, na hakuwa akizungumza nami. Alikuwa akimwambia mtu mwingine aliyekuwa mle ndani.

"Funga mlango."

Simu ikakatika.